Jinsi ya Kuchagua Rejeta ya Hotrodi: Mwongozo Kamili

Ford Model A ya 1928 hadi 1931 ilitoka kiwandani na injini ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 40, na rejeta yake nyembamba na ndefu ilitosha kuipoza. Hotrodi, yaani gari la zamani lililowekewa injini yenye nguvu zaidi, huanza pale fundi anapoitoa injini hiyo na kuweka V8 (injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ya farasi 250 au 300, huku akitaka sura ya mbele ibaki ileile. Nafasi ya rejeta haiongezeki, ila joto linaongezeka. Ndiyo maana magari haya yana sifa mbaya ya kuchemsha. Sifa hiyo hawaistahili. V8 kubwa inaweza kukaa nyuma ya grili ya Ford ya 1932 na kutulia kwenye nyuzi 85 za Selsiasi mchana kutwa, mradi rejeta, feni na njia ya hewa vichaguliwe kwa pamoja.

Usitishwe na idadi ya farasi. Katika injini ya petroli, kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta inakuwa kazi, theluthi inatoka na moshi, na karibu theluthi inaingia kwenye maji. Kwa hiyo joto la maji linalingana na nguvu inayotumika kwa wakati huo, wala si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya injini. Gari jepesi linalokwenda kilomita 90 kwa saa barabara tambarare linatumia farasi 20 hadi 30 tu, hata kama injini inaweza kutoa 300. Hali zinazoipima rejeta ni mlima mrefu, foleni ya jua kali na kukimbia kasi kwa muda mrefu. Chagua rejeta kwa kuzifikiria hizo.

Kwanza injini ikae mahali pake

Rejeta nyingi hukosewa kabla hata hazijawekwa maji, kwa sababu zilinunuliwa wakati injini bado ipo sakafuni. Utaratibu ni huu: funga injini na gia boksi kwenye fremu, weka pampu ya maji itakayotumika kweli, puli zake na feni yake. Simamisha ganda la grili, funga boneti. Ndipo upime.

Unahitaji vipimo hivi: upana wa ndani wa ganda pale linapobana zaidi, urefu kutoka krosimemba (chuma cha fremu kilichokingama) hadi chini ya boneti, umbali kutoka ncha ya pampu hadi mahali mgongo wa rejeta utakapofika, na kimo cha mdomo wa thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) ukilinganisha na kimo cha tenki la juu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Kama gari limeshushwa sana na grili imekatwa, mara nyingi injini inakuwa juu kuliko rejeta, na hewa itajikusanya kwenye silinda hedi badala ya kupanda kwenye tenki. Gari la namna hiyo linahitaji tenki la kujazia lililofungwa mahali pa juu kuliko vyote, na kifuniko chenye mgandamizo kikae hapo.

Kwa feni inayozungushwa na mkanda, acha angalau milimita 25 kati ya bapa za feni na mapezi ya rejeta (vibati vyembamba vya kutolea joto). Injini hujongea mbele unapokanyaga breki kwa nguvu, na raba za injini zikichoka hujongea zaidi. Ukikosa nafasi, usikimbilie rejeta nyembamba. Kwa Chevrolet V8 ndogo, ile iliyoanza 1955, pampu fupi inakupa takriban sentimita 3 zaidi kuliko pampu ndefu iliyoanza kutumika 1969. Ukibadili pampu, kumbuka mabano ya alteneta na puli hubadilika pamoja nayo; vya pampu ndefu havilingani na fupi. Njia nyingine ni kurudisha injini nyuma kwa kukunja ndani ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha abiria. Ni kazi nyingi, lakini hufanywa mara moja tu.

Maji yashuke au yapite kando?

Rejeta ya maji kushuka ina tenki juu na tenki chini, mirija imesimama. Ya kupita kando ina matenki kulia na kushoto, mirija imelala. Kwa ganda refu na jembamba la 1928 hadi 1936, chagua ya kushuka, kwa sababu matenki ya pembeni yangemeza upana ambao tayari ni haba. Kwa magari mapana ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na ya 1950, ya kupita kando inafaa sana.

Ipo tofauti nyingine yenye uzito. Kwenye ya kushuka, kifuniko kipo juu ya tenki linalopokea maji ya moto yanayosukumwa na pampu, hivyo injini ikizunguka kasi kifuniko hupata mgandamizo wa ziada na kinaweza kufunguka kabla ya wakati. Kwenye ya kupita kando, kifuniko huwekwa kwenye tenki la upande wa kutokea, ambako mgandamizo wa pampu umeshapungua. Ukinunua ya kupita kando, hakikisha kifuniko kipo upande huo.

Moyo wa rejeta

Moyo ni mirija pamoja na mapezi yake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji atasema ina safu 4 za mirija, nawe utaona ni nzito na nene, ukaamini inapoza zaidi. Lakini hewa inayofika safu ya 4 imekwisha kupashwa moto na safu 3 zilizotangulia. Kadiri joto la hewa linavyokaribia joto la maji, ndivyo safu ya nyuma inavyokosa kazi ya kufanya, huku unene wenyewe ukizuia hewa isipite. Eneo la uso linaloonana na upepo lina thamani kubwa kuliko unene. Sentimita 5 za upana zitakusaidia kuliko safu moja zaidi nyuma. Kwa hiyo anza kwa kuujaza mwanya wote wa ganda, upana na urefu, ndipo uulize kuhusu safu.

Na unapouliza safu, uliza pia upana wa mrija. Mrija wa kawaida wa rejeta ya shaba una upana wa nusu inchi, yaani milimita 13 hivi. Mrija wa alumini unaweza kuwa inchi 1 au zaidi. Safu 2 za inchi 1 zinakupa milimita 50 za mrija zinazogusa mapezi. Safu 3 za nusu inchi zinakupa 39 tu. Hesabu hii pekee inatosha kueleza kwa nini rejeta ya alumini ya safu 2 inaweza kuishinda ya shaba ya safu 3 zilizopangwa vizuri.

Mapezi nayo yana kiasi. Mapezi 10 hadi 12 kwa kila inchi ya mrija yanapitisha hewa kirahisi na hayazibwi upesi na vumbi na wadudu. Ukifika 14 au 16 unapata eneo kubwa la kutolea joto, lakini unahitaji feni yenye nguvu na kava la feni linaloziba vizuri, la sivyo gari litachemsha foleni ingawa linapoa barabara kuu. Kwa hotrodi inayotembea mjini, ushauri wetu ni 12 hadi 14 pamoja na feni nzuri.

Shaba au alumini

Shaba nyekundu peke yake inapitisha joto vizuri kuliko alumini, karibu mara moja na nusu zaidi. Watu wengi huishia hapo na kuamua. Wanachosahau ni kwamba katika rejeta ya shaba, mirija ni ya shaba njano, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko alumini, na mapezi yameshikizwa kwa risasi, ambayo hupitisha joto kidogo hata kuliko shaba njano. Rejeta ya alumini huunganishwa kwa kuyeyushwa kwenye tanuri, mrija na pezi vikawa kama kitu kimoja, na kwa kuwa ni imara zaidi inaruhusu mirija mipana.

Bado shaba ina nafasi yake. Inatengenezeka: fundi mwenye tochi na risasi anaweza kuziba tundu, kubadilisha tenki au kuweka moyo mpya ndani ya matenki ya asili. Gari linalotaka sura ya zama zake, tenki la juu likionekana wazi, linapendeza na shaba iliyopakwa rangi nyeusi. Alumini ni nyepesi kwa kilo kadhaa, lakini ikipasuka inahitaji fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, na haivumilii maji mabaya wala umeme unaopotea. Kwa injini ya kisasa yenye silinda hedi za alumini, chagua rejeta ya alumini. Kwa V8 ya zamani ya Ford katika gari la matembezi, shaba nzuri ya safu 3 au 4 inatosha.

Ukinunua rejeta iliyotumika, izibe midomo, ijaze hewa kwa mgandamizo mdogo, izamishe ndani ya maji na utazame mapovu. Kisha ipime mtiririko: mimina maji tenki la juu kwa ndoo, yanapaswa kushuka kwa nguvu bila kujaa. Unga mweupe au wa kijani kwenye maungio ya risasi unaonyesha kwamba risasi inaliwa. Rejeta hiyo iache.

V8 ya Ford ya vali za pembeni

Injini hii, iliyoanza 1932 ikiwa na ujazo wa lita 3.6 na farasi 65 na kuendelea hadi 1953 kwa Marekani, inastahili sehemu yake. Moshi wake hupita ndani ya bloku, katikati ya maji, kabla ya kutoka pembeni. Maji yanabeba joto ambalo katika injini nyingine lingeondoka moja kwa moja na ekzosi. Usiipime kwa farasi zake. Ipe rejeta kubwa kuliko unavyofikiri.

Ina midomo 2 juu na 2 chini, kwa hiyo rejeta lazima iwe na midomo 4. Kwenye injini za 1932 hadi 1936 pampu zipo kwenye hedi na zinavuta maji moto kutoka juu. Kuanzia 1937 pampu zilihamia chini kwenye bloku na kusukuma maji yaliyopoa. Tena, hedi za 1939 hadi 1948 zinatolea maji katikati, za 1949 hadi 1953 zinatolea mbele. Mwambie mtengeneza rejeta mwaka wa injini, si mwaka wa gari, kwa sababu katika hotrodi vitu hivyo viwili mara nyingi havilingani.

Bloku za zamani zimejaa kutu, na nyingine bado zina mchanga wa kalibu tangu zilipomiminwa. Mchanga huo utaingia kwenye rejeta mpya ndani ya wiki chache. Safisha bloku kwa dawa ikiwa imefunguliwa, kisha weka kichujio cha wavu ndani ya kila paipu ya juu na ukisafishe baada ya kila safari hadi kitoke safi.

Midomo, paipu na thamostati

Chora injini ukiitazama kutoka kiti cha dereva, uweke alama pampu inavuta upande gani. Chevrolet V8 ndogo nyingi huvuta upande wa kulia. Ford V8 ndogo za 1965 hadi 1969 huvuta kulia, za 1970 na kuendelea huvuta kushoto. Mdomo wa chini wa rejeta uwe upande huohuo ili paipu isivuke mbele ya puli. Vipenyo vya kawaida ni inchi 1.5 juu na inchi 1.75 chini. Paipu ya chini iwe na springi ndani, kwani pampu inanyonya na paipu laini hujibana yenyewe kasi ikipanda.

Injini za Chevrolet za LS, yaani V8 zake za kisasa, zina matundu ya mvuke kwenye hedi. Lazima yaunganishwe kwa bomba dogo hadi juu ya rejeta au kwenye tenki la kujazia. Ukiyaziba, hedi zitabaki na hewa.

Thamostati ya nyuzi 82 inafaa kwa injini nyingi. Usiiondoe. Wapo wanaoamini maji yakienda kasi sana hayapati muda wa kupoa, wapo pia wanaoamini thamostati ndiyo inayochemsha gari. Maji yakizunguka haraka yanapoza zaidi, kwa kuwa yanarudi mara nyingi zaidi. Kinachotokea thamostati ikiondolewa ni kwamba mgandamizo ndani ya bloku hushuka, na mvuke hujitokeza karibu na vali za moshi. Toboa tundu la milimita 3 kwenye sahani ya thamostati, likae juu kabisa, ili hewa ipite wakati wa kujaza.

Gari la otomatiki huongeza joto la mafuta ya gia. Kipozeo kilicho ndani ya rejeta kiwe kwenye tenki la upande wa maji yaliyopoa. Kipozeo cha nje cha sahani, kikifungwa pembeni au chini ya fremu pamoja na feni yake ndogo, ni bora zaidi, maana kinaipunguzia rejeta mzigo. Ukiweka kiyoyozi, kondensa, yaani kipozeo cha gesi ya kiyoyozi, itakaa mbele ya rejeta na kuipasha hewa kabla haijafika; ongeza nguvu ya feni tangu mwanzo.

Mgandamizo

Kila psi 1 (pauni kwa inchi mraba, kipimo cha mgandamizo) huongeza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.6. Mchanganyiko nusu kwa nusu wa maji na glikoli (kimiminika cha kulanti), chini ya kifuniko cha psi 15, hauchemki hadi karibu nyuzi 129 usawa wa bahari. Rejeta mpya ya alumini na injini ya kisasa: psi 13 hadi 16. Shaba iliyotengenezwa upya: karibu 7. V8 ya Ford ya zamani na pampu zake: 4, usizidishe sana, kwa sababu sili za pampu na maungio ya tenki havikutengenezwa kwa mgandamizo mkubwa.

Maji hutanuka kwa asilimia 4 hadi 5 yakipata moto. Mfumo wa lita 16 utatema karibu robo tatu ya lita. Tenki la akiba la lita 1 hadi 1.5, bomba lake likifika chini kabisa, litayapokea na kuyarudisha. Kifuniko nacho kiwe na vali ya kurudisha.

Feni na kava lake

Pale ambapo gari linatembea zaidi ya kilomita 60 kwa saa, upepo unafanya kazi yote. Chini ya hapo unategemea feni, na hotrodi nyingi huchemka hapo.

Feni ya mkanda ni ya kuaminika na haihitaji umeme. Shida ni kwamba katika rejeta ndefu, mhimili wa pampu mara nyingi upo chini ya katikati, feni ikapoza nusu ya chini tu. Kava linalofunika uso wote wa nyuma ndilo linaloilazimisha hewa ya juu nayo ipite. Bapa zikae nusu ndani ya duara la kava, nusu nje, na pengo la ncha lisizidi milimita 25. Feni iliyo nje kabisa ya kava inazungusha hewa ileile ya moto.

Feni ya umeme ya inchi 16, ikivuta kutoka nyuma, inatosha injini nyingi. Namba ya mtiririko iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa hewani bila kizuizi chochote. Ikikutana na rejeta nene itakuwa chini sana. Tazama amperi: feni inayokula 8 haiwezi kufanya kazi ya inayokula 20 hadi 25. Usiifunge mbele ya rejeta isipokuwa nafasi imekataa kabisa, kwa kuwa mwili wake unazuia upepo wa barabarani. Na ukigeuza mwelekeo kwa kubadilisha nyaya, bapa zilizopinda zitakuwa zinasukuma hewa kinyume na umbo lake. Geuza bapa pia.

Umeme wake upite kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya amperi 40, waya wa milimita mraba 6 na fyuzi karibu na betri. Swichi ya joto iwashe kwenye nyuzi 95, izime kwenye 85. Ford za hadi 1955 zilitumia volti 6 na chanya kwenye bodi. Feni hizi ni za volti 12, na dinamo ya zamani haitaweza kuilisha feni injini ikiunguruma taratibu, kwa hiyo weka alteneta.

Hewa hupita pale penye urahisi. Ziba mianya yote kati ya ganda la grili na rejeta kwa raba au sponji ngumu. Ipe hewa moto pa kutokea pia: boneti iliyofungwa pande zote bila matundu inaweza kupandisha geji hata kama rejeta ni nzuri.

Kufunga

Fremu ya Ford ya zamani hupinda inapopita kwenye mashimo. Rejeta iliyokazwa moja kwa moja kwenye krosimemba itapasuka kwenye kona za matenki. Weka pedi za raba chini, tumia bolti zenye springi na nati za kujifunga, kisha vyuma viwili vya kushikilia kutoka juu ya rejeta hadi ukuta wa moto.

Usiipe rejeta kazi ya kupitisha umeme. Hasi ya feni iende kwenye fremu, na injini iwe na waya mnene wa kwenda kwenye betri na mwingine wa kwenda kwenye fremu. Ukimaliza, pima: ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri, nyekundu ndani ya maji bila kugusa chuma. Washa injini, taa na feni. Chini ya volti 0.1 ni salama. Ikipita 0.3, alumini inaliwa, nawe tafuta kifaa kilichokosa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwa kuzima kimoja kimoja.

Tumia maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke, pamoja na kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Jaza pua ya gari ikiwa imeinuliwa, bomba la hita likiwa wazi, injini ikiunguruma hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe.

Ikichemsha

Angalia inachemsha wapi. Foleni tu, lakini inapoa ikikimbia: hewa. Kagua feni, kava, mianya. Kasi kubwa tu, lakini inatulia mjini: rejeta ndogo au imeziba, paipu ya chini inajibana, au mkanda unateleza. Inapanda haraka mara tu baada ya kuwasha: hewa imenasa kwenye hedi, au gasketi ya hedi imepasuka. Kwa gasketi, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, iwashe na utazame. Mapovu yasiyokoma ni moshi unaoingia kwenye maji.

Inapanda kila mahali taratibu, na rejeta ni mpya: pima taiming, yaani wakati wa cheche, kabla hujanunua kingine. Cheche zikichelewa, mafuta yanaendelea kuungua wakati vali ya moshi inafunguka, na joto hilo linaingia kwenye hedi na bloku. Pima pia geji yenyewe kwa kipimajoto cha mionzi kwenye mdomo wa thamostati, maana geji ya volti 6 iliyounganishwa kwenye volti 12 inaweza kusoma vibaya hata maji yakiwa ya kawaida.